Kandambili Chini ya Turubai

Nilikuwa nimeshaziba mlango wa ghala la mahindi na kufungulia gesi ya kuua wadudu, ndipo nikaziona kandambili chini ya turubai.

Hapa bandarini makuli hupanda magunia peku, viatu wanaviacha mlangoni. Kabla sijafunga huwa naangalia hapo tu: viatu vikiisha, watu wameisha. Leo upepo wa baharini ulikuwa umeangusha turubai, likazifunika.

Mkanda wa moja ulikuwa umeshikizwa kwa waya wa bluu. Niliufunga mimi asubuhi, mdogo wangu, naye kuli hapa, akinicheka: "Dada, mafundi viatu watakufa njaa kwa ajili yako."



"Fungua!" nilimpigia kelele msimamizi, mwenye funguo. "Mdogo wangu yumo!"

"Tulia, mama. Huenda katoka peku."

Niliitazama lami. Jua la saa saba lilikuwa limeilainisha mpaka inanata. Nani angeikanyaga peku?

Nikabandika sikio kwenye bati la mlango, nikimwomba Mungu nisisikie chochote.

Ndani, gunia moja likaanguka.