Mrija Kwenye Ndoo ya Asali

Mwalimu wa sayansi aliwaagiza wanafunzi wakapime nyumbani uzito wa vimiminika. Advera alitia msumari kwenye mrija wa soda, akauziba kwa nta. Kwenye kikombe cha asali ya masega mrija ulielea juu. Kwenye ndoo ambazo baba yake alizipanga barazani, ulizama karibu kama kwenye maji.

Ndoo zote ziliandikwa jina la marehemu mama yake Advera, ambaye asali yake ilisifiwa kutoka Ipole hadi Tabora.

"Baba, umeichanganya."

"Maji ya sukari kidogo tu. Nenda jikoni."

Pikipiki ya mnunuzi iliingia uani. Advera hakwenda jikoni. Asali ilimchuruzika kutoka kwenye mrija hadi kiwikoni.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Mwalimu ametupa kazi ya kupima asali. Naomba uione."

"Advera!" Baba alisimama.

Advera alitumbukiza mrija kwenye kikombe kwanza, mgeni akauona ulivyoelea. Kisha akafunua ndoo.

"Ukifanya hivyo, mimi si baba yako."

Alimtazama baba yake machoni, akauachia mrija ndani ya ndoo.