Karipio la Pembeni

Mchungaji Obadia alilikata jina la Yunia kwa kalamu nyekundu, mbele ya kamati nzima ya tafsiri ya Biblia.

"Mtume mwanamke? Weka jina la kiume, dada, tusichekwe."

"Tuchekwe na nani, baba mchungaji?" Nerea, msomaji wao wa Kigiriki, alisukuma kikombe cha chai, akatandaza picha ya ukurasa wa kale wa ngozi. Pembeni, mnakili mmoja alikuwa amemkaripia mwenzake aliyechezea neno; Nerea akawatafsiria: Mjinga mbaya wee, acha la zamani, usibadili!

"Hayo ya kwao!"

Nerea akampokonya kalamu, akaliandika karipio lile kwa Kigiriki kando ya jina lililokatwa. Karatasi ikazunguka meza. Kigiriki hakukijua mtu mwingine, ila kila aliyeipokea alimtupia mchungaji jicho, akabana kicheko.