Kioo cha Tatu

Alipovunja kioo cha ofisi ya magereza kwa mara ya tatu, mwalimu mstaafu hakukimbia. Alipangusa mikono, akaketi kwenye ngazi akangoja askari waje.

Sasa yuko kizimbani, shati limenyooka. Pasi ilipigwa na mdogo wake, fundi cherehani, aliyeketi benchi la mbele roho mkononi. Alikuwa ameacha gauni la bi harusi halijatiwa hata pindo, akaja kumwokoa kaka yake. Dawa aliijua. Sheria mpya iliacha mlango mmoja wazi: mrudiaji akiomba radhi, atatumikia adhabu yake nje, kwa kufagia barabara. Akikaidi, ni mwaka mzima ndani, bila kupunguziwa hata siku moja.

"Sema tu umekosa na hutarudia," alikuwa amemsihi mlangoni. "Ulimi hauna mfupa, Kaka."

"Wangu unao," akajibu.

Sheria hiyo ilikuwa imegombanisha mji mzima. Redioni, saluni, kwenye foleni ya benki, ni mabishano tu. Hata pale mahakamani, nyuma ya fundi, wanaume wawili walikuwa wakivutana kwa kunong'ona.

"Huko ndani hakuna wanachopata," alisema mmoja. "Anaingia mwizi wa kuku, anatoka mwizi wa magari."

"Basi asitoke," akasema mwenzake.

Fundi hakuwa na habari nao. Yeye alikuwa na yake ya kuwaza. Ugomvi wa kaka yake na ofisi ile ulianzia kwenye barua. Aliandika kumi na moja, wakajibu moja tu, mstari mmoja: haiwezekani. Fundi alipomuuliza aliomba nini, aliambiwa, "Mambo ya kazi, mdogo wangu." Wiki iliyofuata kaka akavunja kioo cha kwanza, akafungwa mwezi. Cha pili, miezi mitatu. Kila akitoka hakai nyumbani zaidi ya wiki mbili, na hizo mbili anashinda mbele ya kalenda ya ukutani akihesabu kwa kidole. Fundi aliamini hasira zimeanza kumla mzee wa watu akili.

Hakimu alivua miwani. "Mzee, nusu ya makarani wa mahakama hii umewafundisha hesabu wewe. Sitaki kukufunga. Unajutia ulichofanya?"

"Hapana, Mheshimiwa."

Watu wakaguna. Fundi akamkazia kaka yake macho. Kaka akatazama ukutani.

"Na nikikuachia leo?"

"Ofisi ile bado ina vioo vinane."

Mtu akacheka. Hakimu hakucheka. "Sheria hii imetungwa kwa ajili ya watu kama wewe."

"Basi itumie, Mheshimiwa. Usiionee haya."

Akapewa mwaka wake.

Fundi alimfuata hadi uani, kwenye gari la wafungwa, machozi yakimtoka kwa hasira. Sajini wa magereza alimwona, akasita kufunga mlango ili ndugu waagane.

"Una miaka sitini na nane, Kaka," alisema. "Nimekuandalia chumba, nimekutafutia daktari wa mgongo, nimewapigia watu magoti ili usirudi huko. Umeshindana nao, na wamekushinda. Kioo wataweka kingine kesho. Wewe utabaki kulala sakafuni kwa ajili ya ubishi wako. Umepata nini? Niambie, nami nielewe."

Kaka alimfuta machozi kwa mikono yote miwili, maana pingu hazikumruhusu kutumia mmoja. "Usilie," alisema. "Miezi mitatu ilikuwa michache mno. Sasa mwaka utatosha."

"Utatosha kwa nini?"

Mzee alimgeukia sajini kana kwamba swali lile ni lake.

"Utatosha, Mwalimu," alisema sajini, akimshika kiwiko na kumpandisha taratibu. "Mtihani wa taifa uko miezi tisa mbele, na vijana wako thelathini na wawili wamekwama palepale ulipowaachia. Wakubwa nao hawajabadilika: mtu wa nje haruhusiwi kufundisha gerezani, anaruhusiwa mfungwa tu."