Maji Mazito

Kwa miaka Dakta Nasra alichuja maji ya bahari, mapipa kwa mapipa, mpaka yakabaki ya kujaza chupa moja ndogo. Aliamini kwamba humo huenda mna chembe nzito ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Asubuhi hiyo mashine ya kupima uzito wa chembe ilikuwa tayari kuisaka, ila chupa haikuonekana.

Akamkuta Mkurugenzi Shomari ofisini, akimalizia chai.

"Mji mzima hauna maji tangu juzi," Mkurugenzi akasema. "Bahati uliweka akiba kwenye friji."

Nasra akaketi bila kukaribishwa. "Umeyanywa yote, mzee?"

"Yalitosha kikombe kimoja tu. Mbona umebadilika rangi?"

Akamweleza. Mkurugenzi akajishika tumbo taratibu, kama mama mjamzito.

"Itanidhuru?"

"Haitakudhuru. Lakini ni mali ya utafiti."

Kabla ya adhuhuri Mkurugenzi aliinuka, akaelekea msalani bila kumtazama mtu. Nasra akamfuata, akasimama nje ya mlango na chupa safi mkononi, akitafuta maneno ya adabu.