Sauti ya Baba Garini

Gari lililouzwa kwa uongo hurudia ahadi ya muuzaji, kwa sauti yake mwenyewe, kila linapowashwa. Hurudia mpaka ahadi itimizwe. Muuzaji akifa, warithi ndio hutengeneza, na sauti hufutwa siku hiyohiyo.

Baba alimuuzia Bi Namkunda, mkunga wa mtaa wetu, gari la namna hiyo, kisha akafariki. Kila asubuhi nikifagia uani namsikia Baba kwenye gari hilo, kwa jirani: "Giaboksi haina shida, dada! Panda nayo mlima wowote huku unaimba." Kisha hucheka, na mwisho wa kicheko hukohoa kidogo.

"Marehemu bado anauza!" majirani hunitania. Mimi huinamisha kichwa.

Jana Bi Namkunda alirudi kwa miguu, matope mpaka magotini. Gari lilikuwa limemkwamia mlimani, akamkuta mzazi ameshajifungua peke yake sakafuni.

"Wamepona wote wawili, safari hii," alisema. "Nakijwa mwanangu, giaboksi haijapatikana tu?"

"Bado, mama. Naitafuta."

Hakunigombeza. Aliniambia pole, eti anajua nahangaika.

Giaboksi ipo chini ya kitanda changu tangu mwezi uliopita, nimeifunika kwa khanga.

Leo asubuhi vijana walilisukuma gari lake mpaka langoni kwetu. Nilimwomba aliwashe. Baba alisema maneno yake, akacheka, akakohoa.

"Washa tena, mama," nikamwambia.

Alidhani nasikiliza injini. Akawasha tena.