Vinane kwa Vinane

Eteri na muuguzi mwenzake walipeana mgongo ili wasiibiane jibu, kisha wakageuka kwa pamoja, vidole juu: vinane kwa vinane. Wiki nzima walibishana maumivu ya mzee huyu, aliyepoteza usemi, ni mangapi kati ya kumi. Leo uso wake umewapatanisha.

"Haya, sindano," alisema Eteri.

"Sindano ya nini?" Mke wa mzee aliingia, akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili aliyekuwa akijiimbia. "We baba, nyamaza! Unamkwaruza masikio mwalimu wa kwaya wa mji mzima wa Kutaisi!"

Wimbo ukakatika. Uso wa mzee ukalainika, mkunjo mmoja mmoja, mpaka ule wa katikati ya nyusi.

Eteri akaishusha sindano, aibu imemjaa. "Kweli unamjua, mama."

"Mimi namjua. Yeye tangu Pasaka hanitambui, ananitazama kama ukuta."

"Hebu mwimbie."

"Mimi? Nilipokuwa msichana niliimba mbele yake mara moja tu, akanionyesha mlango kwa kidole!"

"Imba tu, mama."

Bibi akaimba, ovyo kabisa. Nyusi za mzee zikagongana. Kisha mkono wa mzee ukachomoka taratibu chini ya shuka, na kidole kikaelekea mlangoni.

Bibi akafuta machozi, akapandisha sauti.