Upande wa Mama

Tangi lilikuwa tupu tena, na jua hata utosini lilikuwa halijafika.

Binti alilizunguka mara mbili, akalipiga kwa kiganja, likalia kama ngoma. Kwa hesabu zake, maji aliyoyapandisha kutoka kisimani yalipaswa kutosha hadi kesho jioni. Akapiga magoti na kukagua viungo vya mipira ya maji kimoja kimoja, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa kumi na mbili, ule wa mpakani. Vyote vilikuwa vikavu. Chini ya kila mche wa nyanya palikuwa na doa la unyevu la ukubwa wa kisahani, sawasawa na alivyofundishwa chuoni.

"Linavuja?" mama yake aliuliza kutoka nusu ya pili ya shamba, ameegemea jembe.

"Halivuji."

"Basi hizo hesabu za chuo ndizo zinazokunywa."

Binti akacheka bila kupenda. Shamba walikuwa wameligawa katikati tangu kiangazi kianze. Nusu yake aliitandazia mipira ya kudondosha matone. Nusu ya mama ilinyweshwa kwa mfereji, vilevile alivyomwagilia tangu kabla hajaolewa: Alhamisi, zamu yao ikifika, anazibua tope kwa jembe na maji yanaingia kama mwenye nyumba. Makubaliano yalikuwa mafupi. Atakayejaza matenga mengi zaidi ndiye atakayeamua shamba zima limwagiliwe vipi. Na binti akishindwa, anang'oa mipira yake na kwenda kuuza misumari dukani kwa mjomba.

Misumari. Alikuwa ameshaanza kuiota.

"Mimea yako unainywesha kwa sindano kama wagonjwa," mama alipenda kumwambia.

"Yako unaiogesha, mama. Nyanya haitaki kuoga, inataka kunywa."

"Na mdomo huo uliusomea?"

"Huu nimeurithi."

Tangu wiki ya tano mto ulikuwa umepungua, mfereji umebaki mchirizi. Binti akajua ameshinda. Hata huruma ilimshika, kila asubuhi akimwona mama ameinama, anatandaza nyasi kavu kwenye matuta yake mpaka udongo wote ukafunikwa.

"Unayafunika ya nini?"

"Yana aibu. Na usikanyage huku, utaniharibia."

Alhamisi mama alikwenda kwenye zamu yake na kurudi miguu haina hata tone la tope, anaimba. Binti akasubiri nyanya za upande wa pili zinyauke. Hazikunyauka. Zilinenepa. Ziliiva nyekundu ya kuudhi.

Siku ya mavuno mjomba alikuja na gari lake la mizigo, akahesabu matenga kwa sauti. Upande wa binti, thelathini na moja. Upande wa mama, thelathini na tatu.

Mjomba akakohoa.

"Dukani kuna feni," alisema, kumliwaza.

Ajabu ni kwamba mama hakushangilia. Alikuna kichwa, akapangusa mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Sasa, mambo haya si ya kukimbilia. Tule kwanza."

"Nilikubali mwenyewe, mama. Neno ni neno."

Binti akaenda juu ya shamba, ulikolazwa mpira mkubwa uliolisha mistari yake yote. Akauchomoa kwenye tangi, akaushika kwa mikono miwili. Macho yalimwasha, lakini hakutaka mjomba aone.

"Utang'oa kesho," mama alisema nyuma yake.

"Leo."

"Mjomba wako amechoka."

"Mimi sijachoka," mjomba alisema.

Binti akakaza miguu, akavuta. Mpira ukachomoka udongoni, lakini ulikuwa mzito, mzito kuliko siku alipoulaza kwa mikono yake mwenyewe. Akauzungusha kiganjani, akavuta tena kwa nguvu zote. Ng'ambo ya mpaka nyasi kavu zikaanza kutikisika, tuta baada ya tuta, mpaka mwisho wa shamba.

"Taratibu basi, mwanangu," mama alisema, akitazama pembeni. "Utaning'olea na yangu."